Marehemu Aliyeendelea Kusoma

Nakutegea kitendawili, nawe ukinijibu "tega" kimoyomoyo yatosha. Kazikwa wiki kumi na moja zilizopita, na kaburi lake limeshaota majani. Lakini kila siku ya kazi, ikifika saa saba mchana, huulizwa kama bado yupo, naye hujibu kwamba yupo. Ni nani huyo?

Usikimbilie kusema ni mzimu. Mzimu haupumziki Jumamosi na Jumapili.

Hilo la Jumamosi na Jumapili ndilo Shangazi aliloliona kwanza. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kituoni. Alikuwa mkaguzi wa polisi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na jina hilo alipewa na vijana wa kazini kwa sababu alihoji watu kama shangazi anayejua tayari nani kavunja kikombe, anangoja tu aambiwe.

Mbele yake, asubuhi ile ya Ijumaa, ilikuwepo simu ndogo iliyofungwa kwenye leso safi. Ilikuwa ya marehemu Sista Mkuu wa wodi ya wazazi. Aliyeileta ni mumewe, mwalimu mstaafu, mtu mrefu wa shingo aliyekaa kitini kama anasubiri kengele. Alieleza kwamba huichaji kila asubuhi, mtu akipiga asikute imezimwa. Shangazi hakumuuliza ni mtu gani huyo atakayepiga.

Ndani ya simu kulikuwa na ujumbe arobaini na mmoja, wote umeingia baada ya mazishi. "Hongera, Sista. Umemaliza somo la kisukari cha ujauzito. Umepata pointi mbili." "Hongera, Sista. Umemaliza somo la mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia." Wa mwisho uliingia jana, saa nane kasoro dakika kumi.

Mwalimu alimweleza mambo hayo polepole, kama anaandika ubaoni. Yalikuwa masomo ya bure ya mtandaoni kwa watu wa afya. Muuguzi anayetaka leseni yake ihuishwe lazima akusanye pointi, na pointi zapatikana kwa kukaa mbele ya kompyuta, kusikiliza somo na kujibu maswali. Tena huwezi kuliwasha somo ukaenda kupika. Kila baada ya dakika kumi kengele hulia, skrini huuliza, "Bado upo?" Una dakika moja ya kubofya "Ndiyo, nipo." Usipobofya, somo lote linarudi mwanzo.

Kisha akaikunja ile leso mara nne.

"Mimi sina haja mtu afungwe," alisema. "Daktari kaandika kwamba mke wangu hakufa palepale. Alikaa pale chini robo saa, huenda na zaidi. Hospitali nzima, mchana kweupe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Aliita?"

Shangazi alisema ataulizia.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Sista Mkuu alikutwa chini ya ngazi za nyuma za wodi, kaumia kichwa, amekata roho. Asubuhi ya siku hiyo aligombana na muuguzi mmoja kijana, wanamwita Mrefu, na Mrefu huyohuyo alionekana juu ya ngazi hizo karibu na saa ile. Basi ikaonekana imekwisha. Mrefu yuko rumande wiki ya kumi sasa, na Jumatatu faili lake linakwenda mahakamani kwa kosa la kuua. Shangazi alikuwa amekabidhiwa faili juzi tu, kulipanga karatasi, si kulifungua upya. Lakini mtu aliye rumande hana kompyuta, na hongera zilikuwa zinaingia.

Alianzia hukohuko rumande. Wenzake walikuwa wamemwambia kwamba Mrefu bila shaka alimpa rafiki neno la siri la marehemu, wafiche jambo. Mrefu alipoulizwa alicheka kicheko kisicho na raha.

"Shangazi, masomo yangu mwenyewe yamenishinda kuyamaliza. Nikammalizie marehemu?"

Kuhusu ugomvi alisema kidogo. Alimwona Sista Mkuu ameshika chupa ya dawa, akamwambia arudie kuisoma lebo. Sista akakasirika, akamfokea mbele ya wagonjwa. Basi. Shangazi alimuuliza lebo ilikuwa na tatizo gani. Mrefu alitazama mikono yake, akasema lebo haikuwa na tatizo lolote, na zaidi ya hapo asingesema, maana tayari wanamwita muuaji na hakutaka waongeze kwamba anamchafua marehemu.

Shangazi aliandika kwenye daftari lake: lebo haikuwa na tatizo.

Hospitalini alipokelewa na katibu, mzee mwenye suti moja na tai nyingi, aliyeapa kwamba akaunti za marehemu hufungwa kwa mujibu wa utaratibu. Utaratibu huo ulimfanya atafute miwani, kisha funguo, kisha aseme kwamba aliyekuwa anahusika yuko likizo. Lakini barua kutoka kwa wenye masomo ilikuwa imefika, Shangazi aliiagiza juzi Mwalimu alipopiga simu mara ya kwanza, na ilikuwa nene. Ilisema kwamba Sista aliingia darasani kutoka kompyuta ileile aliyotumia miaka miwili yote, humohumo hospitalini. Ilikuwa na saa za kuingia, saa za kutoka, majibu yote, hata sekunde alizochukua kabla ya kubofya kwamba yupo.

Katibu alishusha sauti. Alisema wauguzi hawapiti tena ngazi za nyuma. Wanazunguka kwa njia ya vitanda vya magurudumu, mwendo mara tatu. Wanadai ikifika saa saba kuna kitu kinagonga ukutani, tik, tik, kama kucha. Mkunga mmoja, mtu mzima, si mtu wa kuropoka, alikuwa amesimama pale akasikia mtu anasema taratibu, ndani ya ukuta, "Ndiyo, nipo." Akaangusha sinia lote la vifaa.

"Na wewe umesikia?" Shangazi aliuliza.

"Mimi ofisi yangu iko upande wa pili," katibu alisema haraka.

Alipewa chumba cha wauguzi akae. Alianza na daftari la ripoti za zamu, kurasa za miaka miwili. Mwandiko wa Sista Mkuu ulikuwa mzuri, wa kulala upande mmoja kama majani ya mpunga. Miezi ilivyosonga, herufi zikakua. Zikaacha mstari. Kufikia mwaka wa pili kila neno lilikuwa kubwa kama la mtoto wa darasa la kwanza, na katika wiki za mwisho alikuwa akitia sahihi tu, ripoti zimeandikwa na wengine. Sahihi yenyewe ilikuwa inapanda juu ya maandishi ya mtu.

Shangazi alimpigia simu Mwalimu. Aliuliza kama mkewe alikuwa na taabu ya macho. Mwalimu alikataa, kisha akasema kwamba kweli, ujumbe wa simu alikuwa akimsomea yeye. Sista alimwambia kachoka. Alikuwa kachoka kila siku kwa muda wa miaka miwili, na mume hakuona ajabu, maana ni kazi ya kuchosha.

Basi Mrefu aliijua siri, akaibeba hadi rumande. Na mtu asiyeweza kusoma lebo ya chupa alikuwa anasoma masomo ya kompyuta na kupata alama za juu. Shangazi alizivuta zile karatasi nene.

Mwisho wa kila somo kulikuwa na swali moja la kujieleza: "Utalitumiaje somo hili kazini kwako?" Alisoma majibu yote, ya uhai na ya baada ya mazishi. Yalikuwa na sauti moja.

"Damu ikilowesha shuka mbili na taulo moja, hiyo imezidi, aitwe daktari, asingojwe mama alalamike."

"Shuka la mgonjwa wa sukari likikauka hunata. Nimeliona hilo kabla sijalisoma."

"Homa ya uzazi ina harufu yake kwenye shuka. Ukiisikia usingoje kipimajoto."

Alimwita yule mkunga aliyeangusha sinia, akamuuliza wao hupimaje damu ya mzazi. Mkunga alijibu kwamba kwa mililita, wanapima pedi kwenye mizani na kuandika. Akaulizwa kama kuna muuguzi anayepima kwa shuka. Mkunga aliisoma ile karatasi, akairudia. Alisema hakuna, ila akasema yaliyoandikwa pale ni kweli tupu, na kwamba yule aliyeandika la harufu angemchukua kwenye zamu yake hata leo.

Ilibaki karatasi moja, ya siku yenyewe. Somo: usafi wa mikono. Kitu ambacho Sista Mkuu alikifanya kwa miaka thelathini. Limeanza saa saba na dakika tano, limeisha saa saba na dakika hamsini. Skrini imeuliza mara nne. Saa saba na robo, amejibu kwa sekunde mbili. Na dakika ishirini na tano, sekunde mbili. Na thelathini na tano, sekunde tatu. Na arobaini na tano, sekunde hamsini na nne.

Shangazi alipigia mstari hiyo hamsini na nne. Kisha akaenda kwenye ngazi.

Zilikuwa ngazi za kuteremshia nguo chafu, kumi na nne, nyembamba, hazina dirisha. Kingo zake zilipakwa rangi nyeupe ili mguu uone, isipokuwa ngazi ya tatu kutoka chini, iliyowahi kubomoka ikajengwa upya, na hakuna aliyekumbuka rangi. Shangazi alishuka moja moja akihesabu. Akapanda tena, akavua miwani yake, akaitia mfukoni, akashuka bila kuhesabu. Rangi nyeupe ilimwongoza vizuri, weupe, weupe, weupe, hadi pale weupe ulipokwisha. Mguu ukadhani umefika sakafuni. Mkono wake ulidaka ukuta kwa bahati.

Akakaa palepale kwenye ngazi ya tatu. Hapakuhitajika mtu wa kumsukuma Sista Mkuu. Lakini hilo lilikuwa wazo lake tu, na wazo halimtoi mtu rumande.

Ilikuwa saa saba na robo. Ndani ya ukuta, karibu kabisa na sikio lake, kengele ndogo ililia. Halafu tik. Halafu sauti ya mwanamke, ya upole, kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale.

"Ndiyo, nipo."

Nywele za shingoni zilimsimama, na alikuwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha polisi. Akaugonga ukuta kwa kidole. Ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya saruji. Alishuka ngazi zilizobaki, akazunguka kona, akasukuma mlango ulioandikwa "Nguo Safi."

Chumba kilikuwa na joto la pasi. Shuka zilikuwa zimekunjwa hadi darini, kuta nne za shuka, zikinuka sabuni. Katikati palikuwa na meza, na juu yake kompyuta ya zamani iliyoletwa huko, aliambiwa baadaye, kwa sababu ndiko waya wa mtandao ulikokomea. Kwenye skrini, kona ya juu, Sista Mkuu alikuwa anatabasamu katika picha yake ya usajili. Na mbele yake, mikono magotini kama mwanafunzi, alikaa mtunza nguo wa wodi, mama wa miaka hamsini na kitu, koti la bluu la kazini. Wote walimwita Bi Shuka.

Hakushtuka. Aliangalia kitambulisho, akaangalia saa ya skrini.

"Niwie radhi, mama. Ni somo fupi, zimebaki dakika tatu."

Shangazi alisimama akangoja. Alijifunza hapo kwamba dakika tatu ni ndefu sana kwa mtu aliyesimama.

Somo lilipoisha Bi Shuka alijibu maswali kumi bila kusita, akaandika sentensi yake, na mahali fulani mjini simu iliyofungwa kwenye leso ikapokea hongera. Kisha akageuza kiti. Hakukana lolote. Alisema yeye kaishia darasa la saba, lakini kusoma hakujamtoka. Miaka miwili nyuma Sista Mkuu aliingia humu, akafunga mlango, akamwomba, "Dada, nisomee." Akawa anamsomea, Sista anajibu, yeye anabofya. Siku moja Sista akaitwa wodini katikati ya maswali, aliporudi akakuta yamejibiwa, na yote ni sahihi. Walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo Sista alimwita mwanafunzi wake, na alipoelemewa na kazi alimwachia yeye amalizie. Akija baadaye alimhoji yote, asiyoyajua akamfundisha.

"Na siku ile?"

Siku ile, Bi Shuka alisema, ndiyo ilikuwa mwisho wa leseni. Saa nane kamili. Limebaki somo moja. Leseni ikikatika ataitwa mbele ya baraza la wauguzi, na barazani hupimwa macho. Wangemwondoa wodini siku hiyohiyo. Sista alikuwa akisema akiondolewa wodini wamtafutie na jeneza kabisa.

Shangazi alitoa maelezo ya zamani, yaliyochukuliwa siku ya kifo. Mtunza nguo alikuwa ameeleza kwamba yuko kambani anaanika, akarudi, akamkuta. Aliyaweka mezani kando ya karatasi ya masomo, zikalala pamoja, kamba huku na kompyuta huku. Bi Shuka hakuzitazama.

"Mimi naamini hakuna aliyemsukuma," Shangazi alisema. "Aliikosa ngazi ya tatu."

"Hakuna, mama. Angekuwepo mtu wa pili ningesikia viatu vyake."

Pasi ilitoa mvuke. Bi Shuka alielewa alichosema kabla Shangazi hajafungua mdomo. Mikono yake ilianza kulikunja shuka lililokwisha kunjwa.

"Kumbe vya kwanza ulivisikia."

Bi Shuka alililaza shuka magotini.

Shangazi alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, wakawa macho kwa macho. Alimweleza bila kupandisha sauti. Kuna kijana wa watu rumande. Jumatatu anasimama mbele ya hakimu. Duniani kote kuna mtu mmoja tu anayeweza kusema kwamba zilishuka jozi moja ya viatu, na ili aseme hivyo lazima kwanza aseme alikuwa amekaa wapi. Akamwonyesha namba aliyoipigia mstari. Sekunde mbili, mbili, tatu. Hamsini na nne.

Bi Shuka aliitazama namba. Akauliza kama kweli mashine huandika hata hayo. Akaambiwa huandika.

"Na haya ya baada ya mazishi?" Shangazi aliuliza. "Leseni haina kazi tena."

Bi Shuka alipangusa vumbi kwenye skrini kwa kiganja, pale penye picha. Alisema mtu asipoingia siku tisini wanamfuta. Na kila wakiuliza kama bado yupo, yeye hana ulimi wa kuwaambia hayupo. Si yeye.

Skrini ilikuwa imeshafungua somo jingine yenyewe, sauti ya mwalimu wa mbali ikisema habari za figo. Shangazi aliiacha iseme. Alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi, alijua kuna maswali ya polisi na kuna maswali ya watu, na hili lililobaki halikuwa la polisi.

"Mumewe anaichaji simu kila asubuhi," alisema. "Hakuniomba mtu wa kufunga. Aliniuliza neno moja, nami sijapata wa kunijibia. Aliita?"

Bi Shuka aliendelea kukunja. Pembe kwa pembe, kisha katikati, kisha anafungua, anaanza upya. Mwalimu wa mbali akamaliza habari za figo, akaingia za mkojo. Nje gurudumu la kitanda lilipita likilia, likazunguka mbali, likiziepuka ngazi. Kengele ndogo ikalia. "Bado upo?" Namba zikaanza kushuka chini ya picha ya Sista, sitini, hamsini na tisa, hamsini na nane.

Mkono wa Bi Shuka ulinyanyuka wenyewe. Ukafika nusu ya njia. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine, akaurudisha mapajani, akaukalia.

Waliziangalia namba mpaka mwisho, wanawake wawili na shuka zao. Sifuri. Skrini ikafifia, picha ikaondoka, yakabaki maandishi: "Somo limesimama. Hatukukuona."

"Aliita mara mbili," alisema Bi Shuka. "Mara ya kwanza nikamjibu nakuja, Sista, tunamalizia. Mara ya pili sauti ilikuwa imepungua, nikaogopa, nikainuka. Nilikuwa nimeshashika kitasa. Kengele ikalia." Alitazama mlango. "Nikarudi kuijibu."